Milimita nane: uchambuzi wa kisa cha gari la fedha lililozidiwa na deraya yake

Usuli

Kisa hiki kilitokea kwenye gereji ya kuunda mabodi ya magari mjini Dodoma. Nilikuwa ndani yake tangu siku ya kwanza, nikiwa mhandisi ninayechora na kukagua kazi kabla haijakabidhiwa. Nimeondoa jina la gereji, jina la mteja, aina ya gari na mwaka. Vipimo vya uzito nimeviacha kama vilivyosomeka, kwa sababu kisa chote kimo ndani ya vipimo hivyo.

Mteja alikuwa kampuni ya ulinzi inayosafirisha fedha. Kazi zake nyingi zilikuwa za mjini, duka hadi benki, benki hadi benki. Mwaka ule akapata kazi mpya: kupeleka fedha taslimu kwa wanunuzi wa alizeti, kuanzia vijiji vya Bahi, kupanda Manyoni, hadi ndani ya Singida. Alizeti huanza kuvunwa karibu na Mei, na mkulima anataka noti mkononi wakati gunia linapandishwa kwenye lori. Fedha hizo zingepita kwenye barabara za udongo zisizo na mtu kwa kilomita nyingi. Hofu ya mteja ilikuwa ya kweli, na hadi leo siilaumu.

Gereji yetu ilikuwa na jina zuri kwa mabodi ya malori, matangi ya maji na trela za kubebea zabibu. Deraya, yaani mabamba ya chuma ya kukinga risasi, hatukuwahi kuifanya. Kila mmoja wetu alilijua hilo, na hakuna aliyelisema mezani.

Picha kwenye simu

Mkurugenzi wa kampuni alikuja Novemba, mvua hazijaanza. Alikaa kwenye benchi la nje, akatoa simu, akanionyesha picha ya gari la kijeshi lenye magurudumu manane, pua imechongwa kwa mshazari, mnara wa mzinga juu yake.

"Injinia," aliniambia, "mzinga niachie. Nipe hii deraya tu."

Gari lile nililitambua. Ni VBCI, gari la kivita la askari wa miguu la jeshi la Ufaransa. Gari la aina hii hubeba kundi la askari hadi karibu na mapigano, huwakinga njiani, na likiwashusha hubaki nao likiwasaidia kwa mzinga wake. Kwa miaka mingi majeshi mengi yaliamini kwamba kazi hiyo ni ya minyororo kama ya kifaru. VBCI ilichukua nafasi ya AMX-10P, gari la minyororo lililokuwa kazini tangu miaka ya 1970. Nimesoma habari za magari haya kwa miaka, nayapenda, na nilifurahi kumpata mtu wa kuzungumza naye. Nilimweleza mzinga wa milimita 25, injini ya nguvu farasi 550 inayotokana na ile ya malori ya biashara, na mwendo wa kilomita 100 kwa saa kwenye lami.

Katika maelezo yote yale sikumweleza jambo lililokuja kwanza wakati gari lile linabuniwa, yaani tani. Wabunifu wa VBCI walipangiwa uzito: gari zima, pamoja na watu na silaha, liwe karibu tani 28. Ekseli, matairi, breki na springi zilichaguliwa zibebe tani hizo. Deraya ilipata mgao wake ndani ya hesabu hiyo. Mgao huo ndio ulioamua kwamba mwili wa gari uwe wa aluminiamu, na juu yake yafungwe kwa bolti mabamba ya ziada yanayoweza kuondolewa na kubadilishwa.

Sisi tulianzia upande wa pili. Tulianza na deraya, na gari lilikuwa tayari limeshanunuliwa.

Namba ilivyopatikana

Gari la mteja lilikuwa lori dogo. Kwenye kibao cha mlangoni uzito wa juu ulioruhusiwa uliandikwa kilo 5,500. Chasisi na kabini peke yake vilikuwa na kilo 2,200. Ilibaki nafasi ya kilo 3,300 kwa kila kitu kingine: bodi, deraya, sefu, watu, mafuta, tairi za akiba.

Mkurugenzi alitaka bamba la milimita 10. Fundi mkuu, mtu aliyechomelea vyuma kwa zaidi ya miaka ishirini, alisema milimita 6 inatosha kwa mikono yake kuifanya kazi nzuri. Walibishana kwa heshima, chai ikaletwa, wakakutana katikati. Nane.

Nilikuwepo. Niliiandika nane kwenye mchoro, nikaweka saini chini yake.

Hakuna aliyeuliza nane imetoka wapi. Haikutoka kwenye jaribio la risasi, haikutoka kwenye hesabu ya uzito, haikutoka kwenye aina ya chuma. Ilitokana na kupatana, kama watu wanavyokutana katikati kwenye ununuzi wa mbuzi. Hesabu yake, ambayo nilipaswa kuifanya siku ile nikiwa na kikombe mkononi, inachukua dakika kumi. Bamba la chuma la mita moja ya mraba lina kilo 7.85 kwa kila milimita ya unene. Milimita nane ni kilo 62.8. Sanduku la bodi lilikuwa na urefu wa mita 3, upana mita 1.9 na kimo mita 1.9. Jumlisha kuta nne, paa na sakafu, unapata karibu mita za mraba 30. Zidisha: kilo 1,884, kabla hujaweka hata bawaba moja.

Kulikuwa na kosa la pili ndani ya namba hiyo, nalo ni baya zaidi. Mabamba yalinunuliwa kwenye duka la vyuma. Ni chuma laini, kile kile tunachotumia kwenye trela. Chuma cha deraya ni kitu kingine: kimepikwa na kupozwa kwa namna ya kukifanya kigumu, kinauzwa kikiwa na cheti, na ukikichomelea ovyo moto huua ugumu wake kandokando ya mshono. Milimita nane za chuma laini hazina kinga ya milimita nane za chuma cha deraya. Tulibeba uzito wote wa deraya bila kuwa na uhakika wa kinga yake.

Kazi ilivyokwenda

Kazi ilichukua Desemba hadi Machi. Kwa macho ilikuwa nzuri sana. Mishono imenyooka, rangi ya kijivu imetulia, watoto wa shule walikuwa wakisimama getini kuangalia.

Dalili ya kwanza ilikuwa mlango wa dereva. Ndani yake tulikuwa tumeweka bamba lenye kilo 56 na kioo kizito chenye kilo kama 35, vyote vikining'inia kwenye bawaba zilizotengenezwa kwa mlango wa bati. Wiki ya kwanza ulifunga vizuri. Wiki ya pili utingo mmoja aligundua kwamba sanduku la kiberiti linapita kwenye upenyo wa juu, na chini ulimi wa kitasa unagonga fremu. Ili ufunge, ilibidi uuinue kwa magoti huku ukiuvuta. Fundi mkuu aliongeza bawaba ya tatu. Ukafunga. Tukaendelea.

Dalili ya pili ilikuwa springi za nyuma. Jani la springi likiwa halijabebeshwa huwa limejikunja kama upinde, likibebeshwa linanyooka. Zetu, gari likiwa limesimama gerejini, bila sefu na bila mtu, zilikuwa zimeshanyooka kabisa. Nilizitazama nikiwa nimechuchumaa na tochi, nikajiambia tutaongeza majani mawili baadaye. Mtu mwenye elimu yangu alitakiwa kusimamisha kazi palepale.

Safari ya majaribio

Tulipanga siku mbili: siku ya kwanza barabara za vumbi za Bahi, siku ya pili lami hadi Manyoni na kurudi. Ndani ya gari walikuwa dereva, walinzi watatu na mimi, pamoja na sefu yenye kilo 600.

Dodoma tuna msimu mmoja wa mvua, na mwezi Machi ardhi ya Bahi bado imelewa maji. Kule kuna udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka nyufa za kuingia mkono wakati wa kiangazi na kugeuka ugali mvua ikinyesha. Juu ulikuwa umekauka, umetengeneza ganda. Dereva alishuka, akaukanyaga, akasema unabeba. Ulimbeba yeye.

Tulikwenda kama mita arobaini. Kisha nyuma ikaketi. Haikuteleza wala kuyumba, ilishuka tu, taratibu, hadi difu, lile fundo la gia katikati ya ekseli ya nyuma, ikalala juu ya tope. Dereva alijaribu kurudi nyuma, magurudumu yakazunguka na kujipaka tope hadi kashata zote za matairi zikajaa, yakawa laini kama chungu. Mlinzi mmoja alitaka kushuka kusukuma. Mlango wa nyuma haukufunguka. Bodi ilikuwa imejipinda kidogo kwa sababu gurudumu moja lilizama kuliko lingine, na kupinda huko kidogo kulitosha kuubana mlango wenye kilo zaidi ya mia moja. Ilituchukua kama dakika nne, bega kwa bega, kuufungua. Dakika nne za kimya, watu watatu gizani ndani ya sanduku la chuma, jua la saa saba juu yake. Kama kungekuwa na moto, nisingeandika uchambuzi wa kisa, ningeandika jambo jingine.

Trekta lilitafutwa kijijini. Mwenye trekta alikuwa mzee aliyezaliwa Kongwa. Nilimwamkia, akaitika, akalizunguka gari letu mara moja kimyakimya, kisha akaniuliza lina tani ngapi. Sikuwa na jibu. Akafunga mnyororo, akasema baba yake aliwahi kuvuta mashine za Wazungu za namna hii wakati wa karanga.

Alikuwa anasema kweli. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza Kongwa mradi mkubwa wa karanga, na miongoni mwa mashine zilizoletwa kufyeka pori ni trekta zilizoitwa Shervick: vifaru vya Sherman vilivyobaki baada ya Vita vya Pili vya Dunia, vikageuzwa trekta na kampuni ya Vickers. Mashine zilikuwa na nguvu. Kilichokosekana ni kuijua ardhi. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi unaokuwa mgumu kama saruji mvua zikikata, majembe yakawa yanavunjika na karanga zinang'ang'ania ardhini. Mwaka 1951 mradi ulifutwa. Nilizaliwa mkoa huuhuu, kisa hicho nilifundishwa shuleni, na bado nilipeleka gari kwenye mbuga mwezi Machi bila kujua uzito wake.

Siku ya pili tulikwenda Manyoni. Kupanda ukingo wa Bonde la Ufa gari lilipanda kwa gia ya pili, moto wa injini juu. Shida ilikuja wakati wa kurudi, kushuka kuelekea Kintinku. Katikati ya mteremko nikasikia harufu ya viatu vya breki, ile ya kuungua inayokaa kooni. Dereva hakusema kitu. Niliona mguu wake ukiingia chini zaidi kila anapokanyaga. Alirudisha gia, injini ikalia, akalipeleka pembeni na kulisimamisha kwa breki ya mkono na tuta la mchanga. Dramu za nyuma zilikuwa zinafuka. Tulikaa pale saa nzima.

Yule dereva ndiye aliyetuokoa. Kijana wa miaka ishirini na kitu, aliyejifunza kwenye malori ya mizigo kwamba mteremko hushukwa kwa gia na breki huwekwa akiba. Nilimshukuru mbele ya wenzake, na namshukuru hapa.

Kwenye mizani

Kesho yake asubuhi ndipo tulipolipima gari kwa mara ya kwanza, likiwa na kila kitu na kila mtu.

Kilo 6,740. Lilikuwa limezidi uzito wake halali kwa kilo 1,240, karibu robo ya tani kwa kila mtu aliyekuwa ndani, sote watano.

Mgawanyo ulikuwa mbaya kuliko jumla. Ekseli ya mbele ilibeba kilo 2,140, ndani ya kiwango chake. Ekseli ya nyuma ilibeba 4,600, na iliundwa kwa 3,600. Karibu ziada yote ilikuwa nyuma, palepale palipozama, palepale palipofuka moshi.

Uamuzi na sababu zake

Tulikutana siku hiyohiyo: mkurugenzi, fundi mkuu, mwenye gereji na mimi. Mapendekezo yalikuwa matatu.

Fundi mkuu alitaka kuongeza majani ya springi na kuweka matairi mazito zaidi. Ndiyo njia inayotumika kila siku kwenye malori yetu, na najua kwa nini aliipendekeza, kwa kuwa gari lingeinuka na kupendeza macho siku hiyohiyo. Nilikataa. Kuongeza springi huinua kimo cha gari tu. Beringi za ekseli, dramu za breki, rimu na chasisi vinabaki vilevile, vikibeba kilo zilezile elfu moja na ziada ambazo havikuumbwa kuzibeba. Gari lililoinuliwa kwa springi linadanganya hata macho ya fundi: linaonekana liko sawa.

Mwenye gereji alipendekeza kuhamishia bodi kwenye lori kubwa zaidi. Kwa uhandisi lilikuwa wazo zuri. Mteja hakuwa na fedha za lori jingine, na lori kubwa lisingepita kwenye baadhi ya njia za vijijini.

Pendekezo la tatu lilikuwa kukata, na tukakubaliana nalo. Swali tulilojiuliza, kwa mara ya kwanza tangu Novemba, ni nini hasa kinachokingwa. Jibu lilikuwa watu na sefu. Hewa iliyo kati yao haihitaji kukingwa. Sanduku zima la mita za mraba 30 likawa bodi ya kawaida ya bati la milimita 2, na ndani yake, nyuma ya kabini tu, kikabaki chumba kidogo chenye deraya cha mita za mraba 9. Sefu ya kilo 600 ikabadilishwa na ya 350. Mabamba ya sakafu ya kabini yakaondolewa.

Nilimwambia mkurugenzi jambo moja zaidi, na lilikuwa gumu kutamka kuliko yote. Sikuwa tayari kuandika popote kwamba chuma kile kinazuia risasi. Alinyamaza kwa muda. Kisha akauliza, "Kwa hiyo vijana wangu mngewapeleka na bati?" Nilijibu ndiyo, na kwamba kosa ni langu. Tukakubaliana kwamba chumba kile kidogo kitavikwa mabamba yenye cheti, yakatwe na kufungwa kwa bolti, yasichomelewe.

Matokeo

Kwenye mizani mara ya pili gari lilisoma kilo 5,380: mbele 2,000, nyuma 3,380. Milango ya kabini ilipata bawaba mpya kwenye nguzo iliyoimarishwa kwa ndani, na mlango wa nyuma ukapewa kitasa kinachofunguka kwa mkono mmoja kutoka ndani, ukijaribiwa gurudumu moja likiwa juu ya jeki ili bodi ipindwe kwa makusudi. Gari likapelekwa kwenye ukaguzi upya kwa kuwa lilikuwa limebadilishwa muundo.

Gharama ya kazi ya pili ilikaribia nusu ya ile ya kwanza. Gereji na mteja waligawana. Msimu wa alizeti ulianza gari halijakamilika, na hapo mteja alilazimika kufanya alichokuwa anakiahirisha: akakubaliana na wanunuzi kwamba sehemu kubwa ya malipo ipitie kwenye simu. Gari lilipokuwa tayari lilibeba fedha kidogo kuliko ilivyopangwa, tena kwa njia za lami pekee.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni kidogo na ni vyema kikitajwa. Tulilijaribu gari kabla ya kulikabidhi. Dereva alijua kazi yake. Mteja alikuja kwenye mkutano akiwa tayari kusikia. Na tulipokwenda kwenye mizani tulimweka kila mtu kwenye kiti chake, kwa hiyo namba ilikuwa ya kweli.

Kilichoshindwa kinahitaji maneno mengi zaidi, na hapa narudi kwenye ile picha ya simu, kwa sababu historia ya magari ya kivita ya magurudumu imejaa watu waliopambana na tatizo letu hilihili wakiwa na fedha na maabara.

Chukua Ratel ya Afrika Kusini, iliyoingia kazini 1976, ambayo mara nyingi hutajwa kuwa gari la kwanza la aina hii lenye magurudumu. Waliounda Ratel walianza na ardhi: umbali mrefu, pori kavu, karakana iko mbali. Wakachagua magurudumu sita na vipuri vya asili ya malori, ili gari liweze kwenda mbali lenyewe na kutengenezwa porini. Deraya ikaja baada ya hapo. Ukilitazama Ratel ukiwa umesimama Bahi unaelewa kwamba lilijibu swali la mahali pake, wala halikuwa na haja ya kujibu letu.

Au chukua Stryker, gari la kivita la magurudumu manane la Marekani. Ilipopelekwa Iraki 2003, roketi za kubebwa begani zilikuwa tishio, ikavishwa vizimba vya fito za chuma pande zote. Vizimba vilisaidia. Viliongeza pia kama tani mbili, na matairi yakalazimika kujazwa upepo zaidi na kukaguliwa mara kadhaa kwa siku. Hapo pana jambo ambalo kila fundi wa tairi Dodoma analijua kwa mikono yake ingawa hajaliandika: mkandamizo wa tairi kwenye ardhi unakaribiana na upepo uliomo ndani. Uzito ukizidi unajaza upepo, ukijaza upepo tairi linakanyaga sehemu ndogo, likikanyaga sehemu ndogo linazama. Ndicho kilichotupata. Asubuhi ya Bahi tulikuwa tumejaza matairi ya nyuma hadi mwisho ili yasionekane yamelala. Magari kama VBCI yana mfumo wa kumwezesha dereva kupunguza upepo akiwa kwenye kiti chake anapoingia kwenye tope, kisha kuurudisha kwenye lami. Lakini hata mfumo huo una kikomo, na kikomo chake kinahesabiwa kwa tani.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Poland. Gari lao la Rosomak, linalotokana na gari la kivita la Patria AMV la Finland, lilitakiwa liweze kuelea majini. Lilipopelekwa Afghanistan kuanzia 2007, liliongezewa deraya, na likapoteza uwezo huo wa kuelea. Walikubali hasara hiyo wakiijua. Walitoa kitu kimoja ili wapate kingine. Sisi pia tulitoa: tulitoa breki, tukatoa uwezo wa kupita kwenye mbuga, tukatoa mlango unaofunguka. Tofauti ni kwamba hatukujua kwamba tunatoa.

Kuhusu majaribio, naona watu wengi hudhani kwamba jaribio ni sherehe ya kumalizia kazi. VBCI ilianza kwa mkataba wa 2000, baada ya Ufaransa kujitoa kwenye mradi wa pamoja na Ujerumani na Uingereza uliokuja kuzaa gari la kivita la Boxer. Majaribio yalibaini kasoro kwenye mnara wa mzinga, na magari ya kwanza yakakabidhiwa 2008. Miaka ilipotea, lakini ilipotea uwanjani kwenye majaribio, sio vitani. Baadaye walipohitaji deraya zaidi, uzito ulioruhusiwa ulipandishwa hadi tani 32, na mfumo wa kubeba gari ukarekebishwa pamoja nao. Hawakuongeza bamba na kuacha ekseli ile ile. Sisi majaribio yetu ya kwanza ya uzito, breki na mlango yalifanyika kwa pamoja, siku mbili, watu wakiwa ndani. Mlango ungeweza kujaribiwa Januari kwa jeki moja. Uzito ungeweza kujulikana Novemba kwa kalamu.

Niseme pia kuhusu bawaba. Fundi mkuu alipoongeza bawaba ya tatu alifanya kazi safi, mshono wake uko hadi leo. Lakini mlango ulioshuka ulikuwa unatuambia uzito wa gari zima, na sisi tuliusikia kama shida ya mlango. Springi zilituambia tena. Utingo aliyepitisha kiberiti kwenye upenyo alikuwa mdogo kuliko wote pale, na ndiye aliyekuwa karibu kabisa na ukweli. Hakuna aliyemuuliza zaidi.

Na suala la saini. Kwenye gereji zetu mhandisi mara nyingi huitwa ili karatasi ikamilike, na fundi mwenye uzoefu huonekana kama ndiye anayejua. Niliogopa kumpinga mtu aliyenizidi umri kwenye jambo ambalo yeye alilifanya kwa mikono na mimi nililisoma vitabuni. Heshima ile ilikuwa ya kweli, lakini aliyekuwa na wajibu wa kuzidisha 30 kwa 62.8 alikuwa mimi. Yeye asingekasirika. Nilipomwonyesha hesabu siku ya mizani, alichukua kalamu yangu, akairudia mwenyewe pembeni ya karatasi, akasema, "Mwanangu, hii ungenipa Novemba ningekata sita."

Siku hizi kwenye kila mchoro unaotoka mezani kwangu kuna mstari mmoja juu kabisa, kabla ya kipimo chochote: uzito wa juu wa gari, uzito wa sasa, kilo zilizobaki. Fundi mkuu hujaza namba ya tatu kwa mkono wake, kila Jumamosi, kazi ikiwa inaendelea. Yale mabamba tuliyoyakata tumeyalaza juu ya mtaro mbele ya geti, na malori yanayoingia gerejini yanapita juu yake.